Namna ya Kumtibu Farasi Kikohozi Bila Kugusa Nyasi Yake

Hongera, mwenzangu. Una farasi. Umemweka Karen, au Lang'ata, au kule Limuru kwenye baridi, na tangu juzi farasi huyo anakohoa. Si sana: mara mbili tatu akianza kukimbia, mara moja akiinamia hori. Wengi wakifika hapa hushtuka. Wewe usishtuke. Kikohozi cha farasi ni bahati, kwa maana kinakupa ruhusa ya kutumia pesa mbele za watu na bado uitwe mtu wa huruma. Hatari ni moja tu: unaweza kukiponya mapema mno, tena bila gharama, ukabaki huna la kusimulia. Nifuate taratibu na haitatokea.

Hatua ya kwanza: usiingie bandani

Asiyejua mambo haya angeanza kwa kuingia bandani alfajiri, kupiga goti na kuvuta pumzi pale farasi anapolala. Usithubutu. Mkojo uliolowa kwenye mabua hutoa amonia, na amonia hiyo huwa kali zaidi pale chini karibu na sakafu, ambapo farasi hushusha pua yake usiku kucha. Macho yatakuwasha, utakohoa na wewe, na kabla hujanywa chai utakuwa umeshajua tatizo liko wapi. Hapo mchezo umekwisha. Nenda dukani moja kwa moja.

Dukani chagua ndoo. Pakiti ni ya watu wa kuku. Ndoo iwe na kifuniko kizito na picha ya farasi mweupe akitimka ufukweni, manyoya ya shingo yakipepea. Soma maandishi makubwa peke yake. Yatasema bidhaa hii inasaidia, inaimarisha, inatunza njia za hewa. Hayatasema inatibu. Anayeandika "inatibu" ameshakuwa muuza dawa, na muuza dawa hudaiwa ushahidi na wakaguzi. Anayeandika "inasaidia" hudaiwa risiti tu. Kwa nini uwachoshe wakaguzi?

Kisha fungua kifuniko unuse. Mkaratusi, mnanaa, pengine na habasoda. Pua yako itazibuka papo hapo. Huo ndio ushahidi. Kwamba aliyepata nafuu ni wewe na si farasi, hilo tutaliangalia siku nyingine.

Hatua ya pili: jifunze hesabu, halafu uisahau

Farasi wa kilo 500 hula takribani kilo 10 za nyasi kavu kwa siku. Kijiko kilichomo ndani ya ndoo yako kinabeba gramu 30 hivi za poda. Atatokea mtu mwenye roho mbaya akuulize itakuwaje gramu 30 zikapigana na kilo 10 kila siku ya Mungu na zikashinda. Mtu huyo usimwalike tena.

Maana akiendelea atakwambia mambo mazito. Atakwambia farasi hupumua kwa pua tu. Mdomo haumfai kitu hata akiwa taabani. Akiwa amesimama tuli huvuta kama lita 5 za hewa kwa pumzi moja. Akipiga mbio zake zote, kila hatua ndefu ni pumzi moja, na hewa inayoingia hupita lita 1,500 kwa dakika. Chochote kinachoelea mbele ya pua kinaingia nayo. Na kinachoelea juu ya robota la nyasi lililopata unyevu ni mbegu za kuvu, akina Aspergillus fumigatus na jamaa zake, zenye upana usiofika mikroni 5. Hizo hazinaswi puani. Hushuka hadi vichochoro vya mwisho vya mapafu. Huko njia za hewa hujikunja, kuta zake huvimba, ute hujaa, na farasi anakohoa. Madaktari wa mifugo huita hali hiyo pumu ya farasi. Ikikomaa, utaona mbavuni mstari wa misuli iliyonenepa kwa kazi ya kuisukuma hewa itoke. Usiuogope mstari huo. Wageni wasiojua watadhani ni mazoezi.

Hayo ndiyo ya kusahau. Tuendelee.

Hatua ya tatu: itunze nyasi yako mbaya

Hapa nitakawia, kwa sababu hapa ndipo wanaoanza hujiangusha. Mtu ananunua ndoo ya bei mbaya, halafu kwa uzembe anabadilisha nyasi, farasi anapona, na ndoo inabaki imejaa. Fedheha gani hiyo?

Nunua nyasi ya boma rhodes, ile iliyonyeshewa shambani ikaanikwa tena. Utaijua: ni rahisi, ina madoa meupe katikati ya robota, na ukiikung'uta inatoa moshi. Iweke ghala la juu, darini, juu kabisa ya kichwa cha farasi, ili kila anayepanda kuitoa amnyunyizie vumbi mgonjwa bure. Kama huna dari, ipange kwenye chumba kinachofuata na uache mlango wazi.

Robota lifunguliwe ndani ya banda, farasi akiwemo. Likung'utwe vizuri. Nyasi itiwe kwenye wavu, na wavu uning'inizwe juu, sawa na macho yake. Maumbile yalimpa farasi shingo ya kuinama chini akila, na akiinama ute na uchafu hutiririka wenyewe kutoka kwenye bomba la hewa. Ndiyo maana farasi aliyefungwa kichwa juu kwenye lori kwa safari ndefu huweza kufika na homa ya mapafu. Lakini wavu wa juu unapendeza zaidi kwenye picha, na pua inazama katikati ya vumbi bila kupoteza hata chembe.

Kufagia kufanyike saa ya kula. Ufagio mkavu, mkono mwepesi, mlango wa nyuma umefungwa ili upepo usimpige mgonjwa. Matandiko yawe mabua ya ngano yaliyolaliwa mwezi mzima, mapya juu, ya zamani chini. Maranda ya mbao yasiyo na vumbi yapo, ndiyo, lakini hayana historia.

Sasa jiandae, maana saisi wako atakuja. Huyu ni mzee aliyeshika hatamu kabla wewe hujajua farasi ana kwato ngapi. Atasimama mlangoni akuambie kwa adabu:

"Bosi, hii nyasi tuiloweshe kidogo. Robo saa inatosha. Na huyu tumwache alale nje, banda linamuumiza."

Usibishane naye, maana atakushinda. Mjibu, "Asante mzee, tutaangalia." Kisha mwonyeshe ndoo, mwonyeshe na kijiko, mweleze kuwa hii imetoka ng'ambo. Ataitazama picha ya farasi mweupe, atakutazama wewe, atasema, "Sawa, bosi." Hiyo "sawa" usiichunguze.

Balaa la maji, kwa kweli, ni kwamba hayana heshima. Yanatoka bombani, hayana kibandiko, wala hakuna aliyewahi kupigwa picha akiyamwaga juu ya nyasi. Lakini ukizidiwa na hamu ya kujaribu, basi jaribu vibaya: lowesha leo asubuhi, iache kwenye maji hadi kesho, halafu ilishe mchana wa jua kali. Kwa dakika 10 hadi 30 vumbi lingelala na virutubisho vingebaki. Wewe utakuwa umeondoa sukari, ukaondoa madini, ukawakaribisha bakteria, na farasi atainusa na kugeuka. Hapo utakuwa na haki kamili ya kusema, "Maji tulijaribu, hayakusaidia."

Hatua ya nne: changanya kikavu

Poda ni vumbi. Wenye akili nyingi huinyunyizia maji au mafuta kidogo ili ishikamane na chakula. Sisi hatuna haraka hiyo. Imwage juu ya pumba kavu, umsogezee farasi ndoo, naye ataingiza pua, atapuliza, na wingu dogo la mnanaa litampanda usoni. Akikohoa, waambie waliopo kwamba dawa inafanya kazi, inatoa uchafu.

Hatua ya tano: ongeza, usipunguze

Ndoo moja ikishindwa, jibu ni ndoo mbili. Kuna vitu vitatu vya kuongeza, na kila kimoja kina sayansi yake ya kukatwa nusu.

Anza na kitunguu saumu. Wapenda farasi wanakiamini mno. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Guelph, Canada, walichapisha mwaka 2005 habari za farasi waliopewa kitunguu saumu kilichokaushwa, wale kwa wingi kadiri watakavyo kila siku. Wakaishia na upungufu wa damu, chembe nyekundu zimeharibiwa. Wewe kumbuka tu kwamba walikipenda. Kipimo ni kiganja chako, na kiganja cha mtu mwenye mapenzi ni kikubwa.

Vitamini C inauzika yenyewe. Ni kweli kabisa kwamba majimaji yanayofunika mapafu ya farasi yana vitamini hiyo kwa wingi, na ni kweli kwamba wenye pumu huonekana kuwa nayo kidogo zaidi humo. Sema hayo mawili kwa sauti. Kwamba farasi, tofauti na wewe, hujitengenezea vitamini C kwenye ini lake, sema kwa kunong'ona. Na vitamini E, iliyojaa tele kwenye majani mabichi na ambayo hupotea nyasi ikikaushwa na kukaa ghalani, usiitaje kabisa, maana mtu anaweza kukuuliza kwa nini basi usimpeleke farasi kwenye majani mabichi.

Kisha mafuta ya omega-3. Hapa nakupa silaha halisi, kwa hiyo ishike vizuri. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa Marekani juu ya farasi wenye ugonjwa wa muda mrefu wa njia za hewa. Waliopewa omega-3 itokanayo na mwani walipata nafuu kuliko wasiopewa. Ukifika hapo, funga karatasi. Usiendelee. Ukiendelea utasoma kwamba farasi wote, waliopewa na wasiopewa, walikuwa wamehamishiwa chakula chenye vumbi kidogo, kwamba hata wale wasiopewa, waliolishwa poda bandia, walipunguza kukohoa, na kwamba mafuta yale yalikuwa nyongeza juu ya kazi ambayo chakula safi kilikuwa kimeshaifanya. Yaani kirutubisho kilisaidia kweli, pale mtu alipokuwa ameshafanya lile tunalolikwepa hapa. Nani ana muda wa utafiti wa namna hiyo?

Hatua ya sita: zungumza

Poda isiyosimuliwa haifanyi kazi. Jumapili ukiwa Ngong, kwenye uwanja wa mbio ambao umekuwepo tangu 1954, au Jamhuri kwenye polo, usiseme farasi wako anakohoa. Sema una "mpango wa lishe ya mapafu." Taja omega-3 kabla ya chai, vitamini baada ya chai. Mtu akikuuliza nyasi unainunua wapi, mwulize watoto wake hawajambo.

Ila uwe mwangalifu kama farasi huyo anashindana. Wanaosimamia mashindano hupima damu na mkojo, na hawajali kama kilichokutwa kilitoka mmeani au maabarani. Kwenye Olimpiki ya 2008 farasi wanne wa kuruka viunzi walikutwa na kapsaisini, kitu kilekile kinachofanya pilipili iwashe, na Norway ikarudisha medali yake ya shaba. Poda yako yenye mitishamba kumi na tatu na jina moja la kibiashara ina nini hasa ndani? Usiulize. Ukiulizwa, sema ni ya asili.

Hatua ya saba: daktari, akibidi

Kuna siku mkeo au mumeo atampigia daktari wa mifugo bila kukushauri. Mpokee vizuri. Atapitisha kamera puani hadi kwenye bomba la hewa akuonyeshe ute. Ataingiza maji ya chumvi mapafuni, ayanyonye tena, ahesabu seli zilizomo. Kisha, baada ya vifaa vyote hivyo na ada yote hiyo, atasema maneno yaleyale ya saisi: lowesha nyasi au ibadilishe, mtoe nje, acha kufagia mbele yake. Utaumia. Mwombe dawa. Zipo za kutanua njia za hewa na zipo za steroidi za kutuliza uvimbe, nyingine za kuvuta kwa kifaa kinachowekwa puani, na zinafanya kazi kweli. Atakuonya kwamba banda likibaki vilevile, dawa ikikoma kikohozi kinarudi. Wewe sikia ile sehemu ya kwanza.

Na hapa, ndugu yangu, naweka mzaha chini kidogo. Farasi akipata homa kali ghafla, akahema kwa nguvu, povu likamtoka puani, tupa kijiko upige simu sasa hivi. Huo unaweza kuwa ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoletwa na usubi wanaouma jioni na usiku. Punda milia huubeba bila kuumwa, na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi iko jirani tu na mabanda ya Lang'ata. Aina yake ya mapafuni huua wengi wanaoipata, tena upesi. Kinga yake ni chanjo na kumwingiza farasi ndani kabla ya magharibi. Poda haina lake hapo, na hata mimi, mshauri wako, sina cha kukuuzia. Farasi aliyekufa hali virutubisho.

Haya, turudi kazini.

Hatua ya nane: pokea sifa, kisha uza

Ukifuata yote haya, farasi wako atakohoa kiangazi kizima. Vumilia. Mvua za masika zitashuka Machi au Aprili, malisho yatakuwa ya kijani, saisi atamwacha farasi nje kwa sababu hakuna nafasi ya kufagia matope, na ndani ya wiki chache kikohozi kitatulia. Hajala robota, hajavuta vumbi, hajalala juu ya amonia. Lakini poda alikuwa anapewa! Andika barua ya shukrani kwa mwenye duka. Taja tarehe uliyofungua ndoo, usitaje mvua.

Na kwa kuwa masika hayakai milele, huu ndio wakati wa kumuuza. Usione haya, uko kwenye ukoo mrefu. Ugonjwa huu umezunguka mabandani kwa karne nyingi. Daktari Mwingereza John Floyer, aliyekuwa na pumu yeye mwenyewe, aliandika kitabu kizima juu ya pumu mwaka 1698, na alimpasua farasi jike mwenye ugonjwa huo ili aone mle ndani kuna nini. Wachuuzi wa farasi wa Uingereza hawakuwa na subira ya kupasua. Wao walimlisha farasi anayehema vipande vidogo vya risasi vilivyochanganywa na mafuta ya mnyama, akatulia kwa saa chache, mnunuzi akalipa, na risasi ikabaki tumboni kwa mwenye bahati mbaya. Hicho nacho kilikuwa kirutubisho cha afya ya mapafu, ila hakikuwa na ndoo wala picha ya ufukwe.

Wewe huhitaji risasi, una mvua. Mnunuzi aje mwezi wa Mei, mchana, baada ya chakula. Umpokee malishoni, usimpitishe bandani hata kwa kunawa mikono. Farasi atakimbia, atang'ara, hatakohoa hata mara moja. Akikuuliza kama ana shida yoyote ya pumzi, mwambie, "Si unamwona mwenyewe?" Saisi awe ametumwa Ngong mjini kununua kamba. Mkishapeana mikono, mletee mnunuzi ile ndoo iliyobaki nusu, umkabidhi kwa mikono miwili na tabasamu, umwambie ni zawadi ya farasi. Bei yake uwe umeshaiingiza.